Mwaka Niliosaga Meno Nyakoe

Kwamboka alifariki mwezi wa pili mwaka huu, na habari zilinikuta jikoni nikichambua maharagwe. Aliyenipigia simu ni Kerubo, binti yake mkubwa. Alisema mama amepumzika, mazishi ni Alhamisi huko Nyacheki, na wangependa nifike kwa sababu mimi ndiye niliyelala chumba kimoja na mama yao kabla hajaolewa. Nikamwambia nitafika. Nikarudi kwenye maharagwe yangu, nikayamaliza, nikayaosha, nikabandika sufuria. Watu huniambia mimi ni mgumu, na sibishani nao. Lakini nilipokaa kusubiri chakula kiive niligundua kwamba nimeuma meno kwa nguvu mpaka sikio linaniuma, jambo ambalo sikuwa nimelifanya mchana kwa miaka mingi.

Kuhusu wazazi wangu nitaandika mahali pengine, au nisiandike kabisa. Hapa nataka mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa mwalimu wa muda katika shule ya msingi karibu na soko la Nyakoe. Mwalimu wa muda ni mtu anayeitwa mwalimu na kila mmoja njiani, anayefundisha watoto wengi kuliko madawati, na anayeweza kuambiwa kwaheri mwisho wa mwaka bila maelezo. Njia ya kutoka hapo ilikuwa chuo cha ualimu, na chuo kilitaka barua ya tabia njema kutoka kwa mtu anayeheshimika. Kwa upande wangu mtu huyo alikuwa mmoja tu, Mzee Ombati. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kanisa lao lilishika Sabato ya Jumamosi. Tena alikuwa mwenye nyumba yangu. Kwa hiyo yule aliyeweza kunifukuza kazi, aliyeweza kunipeleka chuoni na aliyekohoa kila asubuhi upande wa pili wa ukuta alikuwa mtu yule yule, na niliishi mwaka mzima nikimwamkia kwa adabu iliyozidi kiasi.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa udongo uliopakwa chokaa na haukufika juu. Kati yake na mabati kulikuwa na nafasi ya kupita paka, na paka alipita. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya mbao, sanduku la bati, stovu ya mafuta ya taa iliyotaka kubembelezwa ndipo iwake, na chini ya dirisha jiwe dogo la kusagia. Kitanda cha upande wa mlango kilikuwa cha Kwamboka, na jiwe lilikuwa lake pia. Alikuwa amenizidi miaka miwili, mzaliwa wa Nyamira, na alifanya kazi katika duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi mjini Kisii. Unga wa mashine hakuutaka, alisema unanuka dizeli. Kila Alhamisi jioni alipiga magoti mbele ya jiwe lile akasaga wimbi la uji wetu wa wiki nzima huku akiimba. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya kanisa, na hata akiimba peke yake ilikuwa rahisi kujua wengine wangeingilia wapi. Mimi nililala kitandani nikisahihisha madaftari na kumwachia kazi yote. Alinitania kwamba mwalimu ana mikono ya kushika chaki tu.

Ijumaa katika boma lile ilikuwa na mwendo wake. Kuanzia saa tisa mchana watu wote walikuwa mbioni. Mama Nyanchama, mke wa Mzee, alichemsha mboga ya chinsaga na kuitia maziwa ili kupunguza uchungu wake, akasonga obokima, ugali wa wimbi, akafunika ndizi za kesho kwa majani, huku akiwatuma watoto maji na kuni bila kuinua sauti. Viatu vilipigwa rangi na kupangwa ukutani. Redio ilifunikwa kitambaa cha kufuma. Mwisho kabisa Mama Nyanchama alilipangusa jiwe lake kubwa la kusagia na kulifunika kwa gunia, na jua lilipozama hakuna mtu aliyefanya kazi yoyote mpaka lilipozama tena Jumamosi. Mimi sikulelewa katika kanisa hilo, lakini niliipenda Ijumaa ile. Niliupenda ule ukimya baada ya ibada ya jioni, na kulala mapema bila kujilaumu. Nililala fofofo, nami nilijisifu kwa jambo hilo.

Nilikuwa nasaga meno. Kila usiku, kwa nguvu, na sijui lolote. Nilichojua ni kwamba naamka na kichwa kinanigonga pande mbili juu ya masikio, taya limechoka, na maji baridi ya kisima yananichoma meno. Mama Nyanchama aliposikia alisema ni minyoo, akanipa dawa chungu ya majani, na minyoo ikatoka kweli, lakini kichwa kikaendelea kugonga. Siku za kawaida sauti yangu haikumsumbua yeyote ng'ambo ya ukuta. Redio iliimba mpaka saa za kulala, watoto waligombania blanketi, na hata kama mtu angesikia kitu kikikwaruza angedhani Kwamboka yuko kwenye jiwe lake, naye alikuwa na haki ya kusaga siku za kazi. Ila Ijumaa nyumba ilinyamaza. Mama Nyanchama alilala akiwa macho kidogo, akisikiliza, na juu ya ukuta ilimjia sauti ya jiwe juu ya jiwe.

Hakutuuliza. Kwanza alilisema kwa mbali mezani Jumamosi, tukila ndizi zilizopoa, kwamba siku hizi kuna wasichana wanaofunika kichwa kanisani na kufunua jiwe nyumbani. Nilitikisa kichwa kuwasikitikia wasichana hao. Wiki iliyofuata alikuja kuomba chumvi, na akitoka alipitisha kidole juu ya jiwe la Kwamboka akakitazama. Kilikuwa na unga. Ulikuwa unga wa Alhamisi, lakini unga haujisemei ni wa lini. Jumapili asubuhi nikiwa nafua nyuma ya nyumba nikawasikia wakizungumza ndani.

"Wanasaga, Baba Nyanchama," alisema. "Siku takatifu, ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa. Nimesikia kwa masikio yangu Ijumaa tatu."

Mzee alikohoa. "Kama ni kweli, yule mwalimu siwezi kumwandikia barua. Niandike nini? Kwamba ana tabia njema?"

Niliacha nguo kwenye beseni nikaingia chumbani na mikono imejaa sabuni. Kwamboka alikuwa akikunja shuka. Nilimwambia yote niliyosikia, na nilivyozidi kueleza ndivyo hasira ilivyozidi kupanda, kwa sababu nilijua mimi sijasaga, na jiwe si langu. Nilimwambia kwamba chuo kinafunga maombi mwezi wa tisa. Nilimwambia yeye ana duka lake la kurudia na mimi sina kitu. Kisha nikamuuliza kama ni yeye anayeamka kusaga nikiwa nimelala. Alinitazama muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. Niliuchukua ule muda kuwa ni hatia.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Jumamosi iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akakiri kwamba amesaga wimbi siku ya Sabato, Ijumaa kadhaa, kwa uvivu wa kutopanga kazi zake. Alisema pia kwamba mwalimu hakujua, alikuwa amelala. Hawakumfokea. Mzee Ombati mwenyewe aliomba sala ndefu ya upole juu yake. Kisha wakamwondoa kwenye kwaya kwa mwaka mmoja, na akatakiwa kulirudisha gauni la kwaya, la buluu lenye kola nyeupe, ambalo alilishona kwa mikono yake. Jiwe dogo lilichukuliwa likawekwa jikoni kwa Mama Nyanchama. Nasi tukaanza kunywa uji wa unga wa mashine, na ni kweli ulinuka dizeli.

Adhabu hiyo inaweza kuonekana ndogo kwa mtu wa leo. Mwezi wa nane kulikuwa na makambi, mkutano mkubwa wa kanisa wa wiki nzima chini ya mahema, na mwaka huo ulikuwa Nyamira, umbali wa kutembea kutoka kwao Kwamboka. Angesimama mbele ya ndugu zake wote, na mama yake mzazi aliyekuwa hajawahi kumsikia akiongoza kwaya, na kuanzisha wimbo. Alikuwa amelizungumza jambo hilo tangu Januari. Nilijua hivyo, na bado nikamkasirikia. Kwa karibu mwezi mzima nilimsemesha kwa mambo ya lazima tu, maji, kibiriti, ufunguo. Niliona Jumamosi anasinzia kanisani, kichwa kinaanguka katikati ya mahubiri, na wanawake wanagusana viwiko. Nilidhani moyo wake umekuwa mgumu. Nilikuwa mwalimu kijana, na hukumu zilinijia kwa urahisi.

Kilichonifungua macho ni hindi la kuchoma. Nililiuma mchana mmoja barazani pa shule na jino la nyuma likapasuka. Kwamboka, ambaye sikuwa nimemwambia neno la maana kwa wiki nyingi, alipoona shavu limevimba alizungumza na mwajiri wake, na mwajiri wake alikuwa na shemeji daktari wa meno mwenye chumba ghorofani juu ya duka. Jumapili alinipeleka mwenyewe. Chumba kilikuwa na kiti kimoja cha chuma, karai nyeupe na harufu ya karafuu. Daktari alikuwa mtu mfupi asiye na haraka. Alishughulikia lile jino kwanza, kisha badala ya kuniruhusu niondoke akaendelea kupitisha kidole juu ya mengine. Akanipa kioo kidogo nijitazame. Ncha za meno yangu zilikuwa bapa, zimesawazishwa, meno ya mtu aliyekula miaka sitini.

"Nani analala karibu na wewe?" aliuliza.

Nikasema ni rafiki yangu, yuko nje. Alimwita. Kwamboka aliingia akasimama mlangoni, na daktari akamuuliza kama huyu anasaga meno akilala. Aliangalia sakafu, akaniangalia mimi.

"Anasaga," alisema. "Kila siku, tangu wiki ya kwanza."

Nakumbuka daktari akiendelea kueleza kwa utulivu, kwa kuwa kwake lilikuwa jambo la kawaida. Alisema si minyoo. Alisema si pepo wala uchawi, na asitokee mtu wa kunidanganya hivyo. Chanzo chake hasa, alisema, hata yeye hakijui, ila ameona kwamba wenye mzigo wa mawazo husaga zaidi, na chai kali ya jioni huzidisha. Nisitafune miwa. Mchana nijizoeze kufunga midomo na kuacha meno yameachana, ulimi umelala, maana anayeuma meno mchana hufundisha taya kazi ya usiku. Kabla ya kulala niweke kitambaa chenye maji ya moto mashavuni. Na angenitengenezea kipande cha kuvaa juu ya meno, kingechukua wiki tatu kutoka Kisumu. Hakitaponya, alisema, lakini meno yatasaga hicho badala ya kujisaga yenyewe. Daktari wangu wa sasa, kijana mwenye mashine za kila namna, ameniambia karibu maneno hayo hayo. Ameongeza tu kuniuliza kama nakoroma, na kama kuna anayenisikia nikikata pumzi usingizini.

Tuliteremka tukakaa kwenye ngazi za duka, ambalo lilikuwa limefungwa, na hapo Kwamboka akanieleza. Alikuwa na shangazi aliyekuwa akisaga meno usingizini. Aliolewa, na mwezi wa tatu akarudishwa kwao na kikapu chake, kwa sababu watu wa mumewe walisema mtu anayetafuna usiku na mdomo ni mtupu lazima kuna mtu anayemtafuna kwa uchawi. Baadaye mtoto mmoja wa boma la mumewe alikufa kwa surua, na shangazi hakupata tena mume wala jina zuri. Kwamboka aliponisikia wiki ya kwanza aliamua kunyamaza. Alijaribu kunigeuza ubavu, kunigusa bega, na mara nyingi nilitulia. Mama Nyanchama alipoanza kusema juu ya jiwe, Kwamboka aliona kuna makosa mawili ya kuchagua. Kusaga wimbi siku ya Sabato ni dhambi inayosamehewa na mtu akabaki mtu. Hilo lingine hakujua kama linasamehewa. Na baada ya kukiri, ilikuwa lazima sauti ikome, maana jiwe lilishaondolewa, naye Mama Nyanchama bado anasikiliza. Kwa hiyo kila Ijumaa Kwamboka alikaa macho mpaka alfajiri, ameegemea kitanda changu, kiganja chake kikiwa kwenye taya langu. Ndiyo sababu alisinzia kanisani.

Nilimwambia nitakwenda kwa Mzee siku hiyo hiyo. Nataka iandikwe kwamba nilisema hivyo. Daktari angeniandikia karatasi, Mzee anajua kusoma, na kwaya ingemrudisha kabla ya makambi.

"Na kama hataamini daktari?" alisema Kwamboka. "Chukua barua kwanza. Halafu utasema."

Alilisema kwa wema, na mimi nikalichukua haraka mno. Kipande kilifika kutoka Kisumu ndani ya mkebe mdogo, kigumu, chenye rangi ya ufizi, na kwa wiki ya kwanza kilinifanya nitoe udenda kwenye mto. Niliacha chai ya jioni. Kwamboka alichemsha maji ya kitambaa kila siku kabla ya kulala, hata siku alizorudi amechoka. Sauti ilipungua, kisha siku nyingine ikawa haipo. Ijumaa moja tulilala sote wawili mpaka jua likaingia dirishani, na Mama Nyanchama akatugongea mlango akidhani tumeugua.

Makambini Nyamira niliketi karibu na mama yake Kwamboka. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyebeba mtungi wa maziwa ya mgando kwa ajili ya wanakwaya. Kwaya ilipopanda jukwaani alimtafuta mwanawe kwa macho mstari hadi mstari, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini mbona hayumo. Nilimwambia mwaka huu amepumzika. Kwamboka alikuwa nyuma kabisa ya hema, pamoja na wageni. Wimbo ulianzishwa na msichana mwingine, akauanzisha juu mno, na wenzake wakahangaika mpaka mwisho.

Barua ilisainiwa Jumapili iliyofuata. Mzee Ombati aliandika kwa mkono wake kwamba mwenye barua hii ameishi nyumbani kwake bila doa. Nilikuwa nimepanga kusema mara nitakapoishika. Nilipoishika nikaona ni heri kusubiri chuo kijibu. Chuo kilipojibu nikaona ni heri kusubiri siku ya kuaga. Siku ya kuaga Mzee alikuwa akinywa chai, akanikaribisha kiti, akaniombea safari njema, nami nikamshukuru kwa barua, nikaenda. Niliona haya. Bado naona haya, na sioni sababu ya kulipamba jambo hilo.

Kwamboka aliolewa Nyacheki na mkulima wa majani chai, mtu mpole aliyelala usingizi mzito. Tulitembeleana. Alinipokea kila mara kwa furaha, akanisagia wimbi kwa mkono akijua nalipenda, na hakuwahi kuuliza. Mwaka wa adhabu uliisha lakini kwayani hakurudi. Alisema sauti imeshazoea kukaa chini. Mzee Ombati alifariki, kisha Mama Nyanchama, na nilijiambia kwamba sasa hakuna aliyebaki wa kuambiwa. Nilipata nafuu kwa wazo hilo kwa miaka mingi.

Alhamisi ile Nyacheki kulikuwa na watu wengi na matope. Mzee mmoja wa kanisa, aliyekuwa kijana wa kwaya enzi zetu, alisoma historia ya marehemu. Alisema Kwamboka alikuwa mfano wa toba. Akiwa msichana aliivunja Sabato kwa kusaga wimbi, akasimama mwenyewe akakiri, akapokea adhabu bila kunung'unika, na kanisa limeitumia habari hiyo kufundisha vijana mpaka leo. Watu walitikisa kichwa kwa upole. Wengine walicheka kidogo, kicheko cha mapenzi. Nilikuwa mstari wa pili. Kisha Kerubo akaniita mbele, akanipa maikrofoni. Nilisema Kwamboka alikuwa msafi, aliamka mapema, aliimba vizuri kuliko mtu yeyote niliyepata kumsikia. Nikasema pole kwa familia. Nikaketi.

Baada ya chakula Kerubo alinisindikiza hadi barabarani, amenibebea mkoba, tukipita kando ya mistari ya chai. Alitembea taratibu kwa sababu ya miguu yangu. Tulipofika kwenye gari alisimama.

"Mama mdogo," alisema, "mama alituambia meno yalikuwa ya nani. Alituambia mara moja tu, akiwa hospitalini. Alisema tusikuulize, ila ukija tukupe nafasi ya kusema kabla hajafukiwa."

Nilisubiri, nikidhani kuna zaidi.

"Tulikupa," alisema. Kisha akanikabidhi mkoba wangu, akanishukuru kwa kuja.